Unono wa Gode

Siku ya kuondoa matanga ya Mama, Gode alishika maikrofoni kabla yangu. Sikushangaa. Alikuwa amefika kutoka Uvira kwa meli siku iliyotangulia, na tangu aliposhuka bandarini watu walimpokea yeye kama ndiye aliyefiwa, huku mimi, mtoto wa tumbo, nikibeba mabegi yake. Yeye walimpa kiti cha plastiki chenye mikono. Mimi nikakaa benchi pamoja na wanakwaya. Sote tulivaa kitenge kimoja, kilichoshonwa na fundi mmoja, lakini juu yake kilikaa vizuri kuliko juu yangu, na hilo nililiona kabla hata sala haijaanza. Akasimama katikati ya uwanja, akafuta macho, akasema: “Huyu Mama hakunizala. Lakini kama niko muzima leo, njo sababu yake. Bantu bote walikuwa wanasema, angalieni ile mutoto anavyonenepa. Yeye peke yake njo aliona kama ule ulikuwa ugonjwa. Alinigusa muguu, akajua.” Wanawake wakaanza kulia upya. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nina wajukuu sasa, nimezika mume, na sasa nimemzika Mama, lakini wivu ulinishika pale pale kwenye benchi kama ulivyonishika nikiwa msichana, maana aliyeona ni mimi.

Ukoo wetu sitaueleza, ni mrefu na haunisaidii hapa. Inatosha kujua kwamba Gode ni mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, aliyekuwa akiishi Zongwe, kijiji cha wavuvi kusini mwa Kalemie. Kwamba aliletwa kwetu mwezi wa tisa ili asome sekondari. Na kwamba tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi na mitatu, umri ambao msichana hapendi kabisa kuletewa msichana mwingine. Alifika akiwa amekonda, magoti makubwa kuliko mapaja, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Mama alimzungusha mbele ya mlango kama mtu anayenunua mbuzi, akamwambia Papa: “Huyu nitamunenepesha mpaka mudogo wangu amusahau.” Kwetu mtoto uliyepewa kulea hupimwa kwa macho. Hakuna anayeuliza amefika darasa la ngapi. Wanawake huangalia mashavu, halafu mikono, halafu nyuma, na wakiona mifupa, habari hupanda boti na kufika kwao kabla yake: shangazi au mama mkubwa amemfanya mtumishi, anambebesha maji, anamnyima mboga. Ndiyo maana mtoto wa kulelewa hula vizuri kuliko mtoto wa nyumba. Hilo nililijua. Kulijua hakukunisaidia kulipenda.

Nyumba yetu ilikuwa Kituku, mtaa wa Kalemie ulio karibu na ziwa, na chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha lenye wavu uliotoboka, na harufu ya samaki iliyoingia hata ukifunga mlango. Gode alipewa upande wa ukutani, usio na hatari ya kuanguka. Mimi nikalala pembeni, mguu mmoja nje. Mezani mambo yalikuwa hayo hayo. Mama alipika bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na siku nzuri kuhe, samaki mnene wa ziwa letu, ambaye kipande chake cha katikati hakina miiba na kimejaa mafuta. Kipande hicho kilikuwa changu tangu nilipoota meno. Mwaka ule kikahamia sahani ya Gode, na mimi nikapewa mkia. “Mugeni ni mugeni,” Mama alisema nilipokunja uso. Ikafika Noeli, akawa bado ni mgeni. Nikaugua malaria baada ya Noeli, homa ya kutetemesha kitanda, nikanywa kwinini mpaka masikio yakalia ngoma. Mama alinisafisha tumbo kwa lile pira jekundu la enema lenye mdomo mrefu ambalo kila mtoto wa Kongo analijua na kulichukia, akanipa chai ya sukari na mkate, na nikafurahi kwamba angalau naumwa mimi. Siku niliyoweza kusimama, mkate ukaisha.

Mvua zilipokuwa nyingi, Gode akaanza kunenepa. Ulianza uso. Mashavu yakajaa, kidevu kikawa na kivuli cha pili, ngozi ikanyooka na kung’aa, na weusi wake ukafifia kidogo, akawa mweupe-mweupe, na kwetu hiyo nayo ni sifa. Ilipofika katikati ya mwezi wa pili, hakuna mwanamke aliyepita uwanjani kwetu bila kusimama. Mama Anjelina, jirani yetu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha treni, alimshika Gode shavu baada ya misa akalivuta. “Mama Leonia, unamupa nini huyu mutoto? Na miye nikuletee wangu!” Mama alicheka akijifunika mdomo kwa kiganja, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kwa ajili yangu. Leonia ni mimi, na Mama alikuwa na jina langu tangu nilipozaliwa, lakini kuanzia wiki ile akina mama wakaanza kumwita Mama Gode. Ilianza kwa utani. Kisha utani ukaisha, jina likabaki, na mtu alipobisha hodi akiuliza, “Mama Gode iko?” Mama aliitika.

Nilichukia. Sina neno lingine la kuweka hapo. Nilichukia mashavu yake, na jinsi alivyokaa taratibu kama mke wa mkubwa wa bandari, na jinsi Mama alivyomwangalia kwa kiburi wakati anatoka kwenda shule, akisimama mlangoni mpaka apinde kona. Mimi nilikuwa natembea naye bega kwa bega, lakini macho ya Mama hayakunigusa. Nilichotaka mwaka ule kilikuwa hicho tu, Mama anitazame mimi namna ile, hata mara moja. Na kwa kuwa hakunitazama, nikawa namtazama Gode. Hakuna mtu aliyemwangalia Gode mwaka ule kama nilivyomwangalia mimi. Mama alimwona mnene akaridhika, mimi sikuridhika. Nilitaka kujua unono ule unatoka wapi. Tulikula chungu kimoja. Yeye alikuwa akiacha nusu ya chakula siku hizo, akisema tumbo limejaa, na mimi nilikuwa nikimaliza changu kisha namaliza chake, na bado mbavu zangu zilihesabika. Ilikuwa dhuluma, na mtu aliyedhulumiwa hupeleleza.

Nikaona mambo. Asubuhi alipoamka, macho yake yalikuwa yamefumba, kope zimevimba kama ameumwa na nyuki, na kufikia saa za kutoka shule uso ulikuwa umeshuka, lakini hapo viatu vilikuwa vinambana, akavivua njiani. Mpira wa soksi ulimwachia mfereji kwenye mguu, mfereji ambao ulikuwa bado upo tulipokaa kula jioni. Halafu kulikuwa na ndoo. Chumbani tulikuwa na ndoo ya haja ndogo, na kazi ya kuimwaga asubuhi ilikuwa yangu, kwani mgeni hamwagi ndoo. Tangu aanze kunenepa, ndoo ilikuwa na povu. Si povu dogo linalopotea. Lilisimama, jeupe, kama umetia sabuni ya unga ukakoroga. Mimi niliamini kabisa kwamba Gode anatia sabuni ndani ya ndoo ili kunisumbua. Nikamuuliza. Akaniangalia kwa macho yale yaliyofumba nusu, akasema, “Leonia, weye uko na akili kweli?” Nikamwaga ndoo, nikaisugua kwa mchanga, na kesho yake povu likarudi.

Pasaka ilipokaribia, Mama akaamua kumpeleka Gode Zongwe. Nilisikia nikiwa nje ya jiko, navunja kokwa za mawese kwa jiwe, na wao hawakujali kama nipo. Mama Anjelina alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapepeta mchele. “Nataka mudogo wangu amuone na macho yake,” Mama alisema, “kabla ya bantu kumuambia.” Mama Anjelina akaitika: “Umupeleke. Na umushonee nguo ya kumubana kidogo, ionyeshe kazi yako.” Wakacheka. Nguo ilikuwa imeshaanza kushonwa, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kitenge ambacho Mama alikuwa amekiweka sandukuni tangu zamani na ambacho siku moja aliniambia kitakuwa cha kipaimara changu. Fundi alipima wiki ile. Wiki iliyofuata Gode alipojaribu, nguo haikupita kiunoni. Fundi akafumua pande zote mbili huku akisifu. Mama akasifu pamoja naye. Mimi nilitakiwa kubaki nyumbani nimpikie Papa na wadogo zangu. Boti ilikuwa iondoke siku chache baadaye, na Zongwe wakati ule haikuwa na daktari.

Asubuhi moja, mwanga ndiyo kwanza unaingia kupitia kwenye wavu, niliamka nikamkuta Gode amelala chali, shuka limemtoka, mguu wake uko wazi kando yangu. Ulikuwa mnono, laini, unang’aa. Nikaubonyeza kwa kidole. Sikuwa nafikiria ugonjwa. Nilitaka kujua kama nyama ile ni ngumu kama mkono wa Mama au ni laini kama ya mtoto mchanga, nijue namna ya kuidharau. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Nikasubiri. Likabaki tu, shimo la kidole changu, mpaka nikaona alama ya ukucha. Nikabonyeza mguu wangu mwenyewe: nyama ikarudi mara moja. Nikambonyeza tena, juu kidogo, na tena, mashimo yakapangana kama kwenye unga wa mandazi, na yeye hakuamka. Na hapo nilifurahi. Sikuogopa wala sikumhurumia, nilifurahi mpaka nikaziba mdomo, kwa kuwa unono ule ulikuwa wa uongo. Haukuwa mafuta, haukuwa kipande changu cha kuhe, haukuwa kazi ya Mama. Ndani ya mguu ule kulikuwa na maji.

Nikakimbilia jikoni. Mama Anjelina alikuwa amekuja kuomba moto, amesimama na kigae chake cha makaa. Nikasema bila hata kusalimu: “Mama, Gode si munene. Iko na maji ndani. Ukimubonyeza, inaingia kama matope.” Mama Anjelina akaguna kisha akacheka. Mama hakucheka. “Leonia,” akasema, “wivu utakuua weye.” Nikasema: “Kweli, Mama, kuja uone.” Akageuka, mwiko mkononi. “Nione nini? Unataka niende kwa mudogo wangu niseme nini? Alinipa mutoto muzima, nikamurudishia mugonjwa?” Nikamwambia habari ya ndoo, kwamba kila asubuhi kuna povu, kwamba nilidhani ni sabuni. Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. Kwa muda mfupi nikafikiri atanifuata. Kisha akamwona Mama Anjelina anavyosikiliza, akasema, “Toka. Chukua sufuria zote, enda uoshe ku ziwa. Na usirudi na ile mudomo.”

Nilisugua sufuria zile mpaka vidole vikachubuka. Wanawake wengine waliokuwa wanafua waliniuliza nani kanipiga, nikajibu hakuna, na ilikuwa kweli. Neno “wivu” lilikuwa limesemwa mbele ya Mama Anjelina, na Mama Anjelina asingelala nalo. Jioni ile lingekuwa limefika kila uwanja wa Kituku. Nami nilijua lilikuwa neno la haki. Nilikuwa na wivu. Lakini mashimo yalikuwepo pia, na sikuelewa kwa nini jambo moja lifute la pili. Nikakaa juu ya jiwe nikawaza boti ikiondoka, Gode ndani ya kitenge changu cha ndege wa njano, Mama pembeni yake, na nikajiambia waende, wakaonyeshane maji yao huko. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Mchana, jua lilipokuwa kali na wadogo zangu wamelala, Mama alitandika mkeka barazani akamwita Gode. “Kuja nikupake mafuta, mama. Ngozi yako imekauka.” Ngozi ya Gode haikuwa imekauka, ilikuwa imenyooka kama ngozi ya ngoma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Mama alimwaga mafuta kiganjani, akayasugua yapate joto, akampaka kuanzia gotini kushuka, taratibu, akiongea mambo ya Zongwe, nani ameolewa, nani amejenga. Akafika kwenye mfupa wa mbele. Akabonyeza kwa dole gumba. Akaliacha pale muda mrefu, kama anayeogopa kuliondoa, kisha akaliondoa. Nikamwona anavyoangalia. Akabonyeza pengine, karibu na kifundo, akaangalia tena. Gode akauliza, “Kuna nini, Mama?” Mama akashusha sketi yake juu ya miguu ile akasema, “Kesho asubui tunaenda hopitali.” Aliinuka, akapita mlangoni, bega lake likagusa bega langu kupitia kwenye pazia. Hakuniangalia.

Hospitalini walimpa Gode kikombe cha kukojolea. Daktari, kijana mrefu mwenye miwani, alitia mkojo kidogo ndani ya kijichupa chembamba akakishika juu ya moto, na mbele ya macho yetu mkojo ukageuka mweupe na kuganda, kama ute wa yai unapopata joto. Akatueleza kwa Kiswahili cha polepole. Figo ni kama chujio, alisema. Zinatakiwa kuzuia chakula cha damu kisitoke, na za mtoto huyu zinakiacha kipite. Ndilo lile povu. Damu ikibaki dhaifu, maji hayakai ndani yake, yanaingia kwenye nyama, usoni asubuhi, miguuni jioni. Ni ugonjwa unaowapata watoto, si kurogwa, si sumu, na wengi wanapona wakinywa dawa bila kuruka na wakiacha chumvi. Lakini wengi huletwa kwake tumbo limeshajaa maji na pumzi imeshapungua, kwa sababu nyumbani watu wanadhani mtoto ananenepa. “Mungempandisha boti hivi,” akasema, “akapata homa njiani, nisingejua kama angerudi.” Kisha akavua miwani. “Nani aliona?” Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimebeba termosi ya chai na mkeka. Nikainua kichwa. Mama akajibu, “Ni miye, Docta.” Daktari akamwambia, “Mama, umeokoa mtoto.” Termosi ikawa nzito mikononi mwangu, na nikatamani kuiangusha ili wote wageuke.

Alikaa wodini wiki nyingi. Kwetu hospitali haipiki. Mgonjwa hupikiwa na wake, kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, uani nyuma ya wodi, ambako kila familia ina mawe yake na kila mtu anajua mgonjwa wa mwenzake anakula nini. Gode alikula kuhe mbichi, aliyetoka majini siku hiyo hiyo, mzima, si kipande tena, alikula mayai, alikula ndizi. Vyote bila chumvi, na alilia kwa ajili ya chumvi kama mtoto anayeachishwa ziwa. Sisi tulikula ndakala, wale samaki wadogo wakavu, waliojaa chumvi, na mimi niliwala mbele yake nikiwatafuna kwa sauti. “Leonia, nipe kichwa kimoja tu,” alinong’ona wakati Mama ameenda kuchota maji. Nikakataa. Muuguzi aliyepita akanisifu kwa kumtunza dada yangu vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitu kimoja duniani ambacho Gode alikitaka na hakuweza kukipata, nami sikuwa na nia ya kugawana.

Dawa zilikuwa vidonge vyeupe vidogo, vichungu, vingi kwa mara moja. Kwa muda hakuna kilichobadilika, kisha maji yakaanza kutoka. Alikojoa mchana kutwa, na kila asubuhi tulipoondoa shuka alikuwa amepungua, mpaka chini ya maji yale akatokea Gode yule wa mwezi wa tisa, magoti yake makubwa, mikono kama vijiti vya kukorogea uji. Baadaye vidonge vyenyewe vikamjaza mashavu tena na kumtia njaa ya ajabu, na Mama hakujua afurahi au alie, akawa anambonyeza miguu kila siku mpaka Gode akamwomba aache. Daktari alipopunguza vidonge, mashavu nayo yakaenda. Aliruhusiwa kurudi nyumbani amekonda, mkojo wake safi, na Mama akawa na hadithi. Aliisimulia kanisani, sokoni, kisimani. Kila mara iliongezeka kidogo: moyo ulimwambia, mkono ulienda wenyewe, alikuwa ameota. Mama Anjelina, aliyekuwepo jikoni asubuhi ile na kigae cha makaa, alitikisa kichwa na kusema, “Mama ni mama.” Hakuna aliyenitazama. Watu walikuwa wamesahau hata kwamba nina wivu.

Likizo kubwa ilipofika, wakati wa kiangazi, Mama akampeleka Gode kwao, na safari hii akanichukua na mimi, maana mtu alitakiwa kubeba. Ziwa lilikuwa na upepo, tukafika Zongwe tumelowa. Mama mdogo alikuja mbio kwenye mchanga akiwa amefungua mikono, akipiga vigelegele, na hatua chache kabla ya kutufikia, akasimama. Aliangalia mikono ya Gode. Aliangalia shingo yake. Kisha akaniangalia mimi, na mimi, ambaye miezi yote ile nilikuwa nakula nilichoachiwa hospitalini na nyumbani pia, nilikuwa nimejaa vizuri, mashavu, mikono, kila kitu. Akapiga viganja. “Yaya, mukubwa wangu! Miye nilikupa mutoto, weye unaniletea mifupa? Na wako, angalia! Angalieni, bantu ya Zongwe, wa kwake anavyong’aa!” Watu wakatoka kwenye nyumba. Waliokuwa wanaanika samaki wakaja na mikono yenye magamba. Gode akasema, “Mama, nilikuwa mugonjwa,” mama yake akamkata: “Nyamaza, bamekufundisha kusema.” Wanawake wakaanza kuguna. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa mwili hadharani, na ilikuwa kwa namna hiyo.

Nikamwangalia Mama. Yeye aliyesimulia kwenye kila uwanja wa Kituku hakuwa na sauti. Aliangalia chini kwenye mchanga, na nikaelewa kwamba hapa, mbele ya mdogo wake, hadithi ile haikuwa inapita kooni, kwani ilikuwa na tundu nami nilikuwa nimesimama ndani yake. Kisha akasema polepole, bila kuinua kichwa, “Leonia, sema.” Hakumwambia Gode. Aliniambia mimi. Na kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kusema kwamba ni mimi niliyeona, na Mama akaniita mwenye wivu, na akanifukuza jikoni kwa ajili ya jirani, na kama mambo yangeachwa kwake Gode angepanda boti na maji yake. Yote yangekuwa kweli, na Zongwe nzima ingenitazama.

Nikatua beseni. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: “Mama mudogo, ule unene ulikuwa ugonjwa. Ni mafigo. Sisi bote tulikuwa tunamusifu. Bantu ya kanisa, bajirani, mwalimu, bote. Mama peke yake njo aliona. Alikuwa anamupaka mafuta ku baraza, akamugusa muguu, akajua. Kesho yake akamupeleka hopitali.” Nikaeleza mkojo ulivyoganda juu ya moto. Nikaeleza chumvi, vidonge, Mama alivyolala sakafuni chini ya kitanda cha wodi. Nilisimulia vizuri kuliko Mama mwenyewe. Gode alinisikiliza huku anatikisa kichwa, na ndipo alipoipata hadithi hiyo kamili, kwa maneno yangu, maneno yale yale aliyoyatoa kwenye maikrofoni miaka hii yote baadaye. Mama mdogo akaanguka magotini akamshika Mama miguu, akalia, akaomba radhi, na vigelegele vikaanza upya, na watu wote wakawa wanamtazama Mama.

Mama hakuwatazama. Juu ya kichwa cha mdogo wake, aliniangalia mimi. Hakutabasamu, hakusema asante, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo mpaka nilipomfumba macho mwezi uliopita. Aliniangalia tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza uso uliokuwa ndani ya nyumba yake siku zote, na Gode alikuwa pale pembeni, lakini Mama hakumwangalia yeye. Kwa hiyo siku ya matanga nilikaa kwenye benchi langu nikamwacha Gode aseme, wivu umenishika vile vile, nikapiga makofi pamoja na wengine. Hadithi ni yake, nilimpa mwenyewe. Lakini yale macho ya Mama pale Zongwe ni yangu, na sitamgawia.